Kizibo cha Ndani

Siku Orwa alipopata mama mkwe ndiyo siku aliyopoteza mama, na hao wawili walikuwa mtu mmoja. Jina lake Dorka, mjane aliyeuza spea za magari na mashine nyuma ya stendi ya Tarime, katika kibanda cha mabati kilichonuka grisi na dagaa. Mwenye kutafuta nozeli, gasketi au nati ambayo mji mzima umeshindwa kumpatia, alielekezwa kwake. Akisema hana, basi ujue haipo. Na ikiwepo lakini ni mbovu, atakuambia ni mbovu kabla hujatia mkono mfukoni. Kwa wauza spea niliowahi kuwaona mimi, tabia hiyo ni adimu kuliko dhahabu.

Orwa alifika kwake akitokea upande wa Utegi, kijana ambaye ndevu zake ungeweza kuzihesabu, mama yake amekwisha zikwa na baba yake ana nyumba nyingine. Dorka alimpa kazi ya kuosha vyuma kwa dizeli, na mchana alimpa sahani. Hakumuuliza mengi. Baada ya muda akawa anamwita wuoda, yaani mwanangu, na ovaroli la kijana likichanika alilishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, kwa sababu alikuwa na rolo moja kubwa la uzi huo ambalo halikuisha miaka yote. Orwa akawa anatembea mjini na mishono myekundu magotini na viwikoni. Vijana wenzake walimcheka. Yeye hakujali hata kidogo, maana mtu aliyekosa mama haoni aibu ya kushonewa nguo.

Kila anachokijua kuhusu mashine alikipata pale. Alijifunza kupima kwa ukucha unene wa shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, na kujua nozeli nzima kwa namna inavyopiga chafya. Zaidi ya yote alijifunza kuogopa vumbi. Dorka alikuwa na desturi yake: kila tundu la pampu au nozeli alilizibia vizibo viwili. Kidogo, cha kitambaa laini kilichopakwa grisi, alikisukuma ndani kabisa. Kikubwa alikishindilia nje. Wauzaji wengine walimwona anajichosha bure. "Vumbi halipigi hodi," alikuwa akiwajibu. Na mteja akija kuchukua kifaa chake, Dorka alimshika kiwiko cha mkono kama mama anayemwonya mtoto, akamwambia: "Ndani kuna kingine." Hakumwacha aondoke mpaka aitikie.

Kisha Akello, binti wa Dorka, akarudi kutoka Musoma alikokuwa akijifunza ushonaji. Akamkuta Orwa pale dukani, mwenye mishono myekundu, na mishono ile akaionea huruma, na kutoka kwenye huruma yakatoka yale mengine. Ng'ombe walipelekwa, kanisani watu walipiga vigelegele, na Dorka alifurahi kuliko wote.

Lakini mila ya ukwe haina mchezo. Mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Hampi mkono, hamkodolei macho, haingii chumbani kwake, na wakikutana njiani anampisha. Wengine hulegeza kidogo, husema siku hizi tumeokoka. Dorka hakulegeza hata uzi mmoja. Alikuwa mjane, hana mume wa kumsemea, na midomo ya Tarime anaijua. Kulikuwa na watu waliokuwa wakingoja tu kusema kwamba kijana yule wa dukani alipewa binti ili asiondoke dukani. Basi akayakata yote kwa mkupuo: sahani, utani, lile jina la wuoda. Akamwita "baba Akech" baada ya mjukuu kuzaliwa, tena kwa kupitia watu. Orwa aliheshimu. Alihamia Nyangoto, akasema anafuata kazi, na ni kweli kazi ilikuwepo. Lakini ukweli mwingine ni kwamba alishindwa kupita mbele ya kibanda kile kila siku kama mgeni. Iliuma, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba inauma.

Nyangoto ya miaka ile, kabla ya uzio wa mgodi mkubwa, ilikuwa imejaa watu waliopagawa. Walimu waliacha chaki, wachungaji waliacha ng'ombe, kila mtu anachimba au anamuuzia anayechimba. Nyangwine, Mkurya mwenye mabega mapana na moyo mwepesi wa kukasirika na kusamehe, aliona mbali kidogo. Badala ya kuchimba, alileta karasha ya kusagia mawe, akaifungia injini kuukuu ya trekta, silinda tatu, na kumpa Orwa aitunze. Wachimbaji walileta viroba vyao vya mawe kutoka mbali kama Kemambo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka pampu ya dizeli ya injini ile ilipochoka kabisa.

Nyangwine alitaka kununua popote. Orwa akamwambia hapana, pampu iliyofanyiwa ovaholi ni kama mke wa kuletewa, usipomjua aliyemleta utajuta. Ipo kwa mtu mmoja tu anayeweza kuaminika. Nyangwine akatoa hela, Akello akambeba mtoto mgongoni akaenda Tarime, na baada ya siku chache akarudi na pampu ndani ya boksi lililozungushiwa gundi ya karatasi. Ilikuwa imefufuliwa na Simioni, fundi wa pampu pale Sirari. Skrubu zake zote Simioni alikuwa amezipaka rangi nyekundu: ukizifungua, rangi inapasuka, na rangi ikipasuka, Simioni hakujui tena. Orwa alimuuliza mke wake kama mama amesema neno lolote. Akello akasema ameambiwa tu kwamba kila kitu ni salama.

Aliifunga kwa mikono ya kuomba Mungu. Kwenye mdomo wa kuingizia mafuta palikuwa na kizibo cha gunia, kama wanavyoziba mafundi wote. Akakichomoa, akafunga bomba, akatoa upepo, akapiga stata. Injini ikawaka. Wachimbaji waliokuwa wamekaa juu ya viroba vyao wakasimama. Kisha Orwa akatia mkanda wa karasha, injini ikashusha pumzi, ikatoa moshi mweupe, ikazima.

Alirudia. Ikiwa tupu inaunguruma kwa unyonge. Ikibebeshwa mzigo inakufa. Akabadilisha filta. Akasafisha tangi. Akalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine, kwa sababu ukilegeza bomba la silinda nzima injini hulalamika, na ukilegeza la silinda mbovu haina habari. Zote tatu zililalamika sawasawa. Basi si silinda moja, njaa ni ya nyumba nzima. Akachomoa bomba linaloleta mafuta, dizeli ikamwagika kwa nguvu hadi kwenye viatu vyake. Mafuta yanafika mlangoni, ndani hayafiki ya kutosha. Alichungulia mlango wenyewe akaona giza, na ndani ya pampu mtu hutegemea kuona giza. Zaidi ya hapo kulikuwa na skrubu za Simioni na rangi yake nyekundu.

Wachimbaji walianza kubeba viroba vyao kuvipeleka kwenye karasha nyingine. Nyangwine alivumilia Alhamisi, akavumilia Ijumaa. Jumamosi, watu wa Sabato wakiwa kanisani, alikuja akaketi kwenye jiwe karibu na Orwa, akaongea kwa sauti ya chini, na Orwa angependelea zaidi apige kelele.

"Mura, mkwe wako ametuuzia chuma kilichokufa. Wewe huwezi kumdai, najua, hata kwetu mkwe hadaiwi. Lakini mimi si mkwe wake. Jumatatu nitakwenda Tarime na hiyo pampu, nitaiweka mbele ya duka lake, na soko lote litasikia."

Orwa aliijua picha hiyo yote kabla hajaiona. Dorka hakuwa na shamba wala mume. Alikuwa na neno lake tu, na watu walilinunua neno hilo pamoja na nati. Pampu mbovu ikilazwa mbele ya kibanda kile siku ya Jumatatu, tena imetoka kwa mkwe wake, neno lingekwisha. Akamwomba Nyangwine ampe Jumapili. Nyangwine akampa.

Alfajiri ya Jumapili Orwa, mkewe na mtoto walipanda gari la kwanza. Akello akashukia Tarime kwa mama yake. Orwa akaendelea hadi Sirari na pampu ndani ya gunia. Bado alikuwa na tumaini kwamba Simioni ataipokea, aifungue, amalize mambo kimya kimya bila Dorka kujua. Simioni alikuwa anakunywa chai mlangoni pa karakana yake. Aligeuza pampu huku na huku, akakagua rangi yake skrubu kwa skrubu, akairudisha ndani ya gunia.

"Hii ilitoka hapa ikiwa poa kabisa, mimi mwenyewe niliipima kwa mashine," alisema. "Na sikukuuzia wewe, boss. Nilimuuzia Mama Dorka. Kama iko na shida, alete yeye."

Orwa alimbembeleza, akamwambia habari za karasha, akamwambia hata habari za ukwe. Simioni alisikitika kwa dhati, akamkaribisha chai, akakataa. Muuzaji wa kweli anaweza kukulilia machozi na bado asiifungue.

Hapakubaki njia nyingine. Mchana Orwa alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro, mbele ya kibanda alichokifagia miaka mingi, gunia begani, macho chini. Akello alikuwa ameketi mlangoni na Akech mapajani. Dorka alimwona mkwe wake, akaliona na gunia, na mtu anayejua mashine haambiwi gunia lina nini. Aliingia ndani, akatundika turubai katikati ya kibanda, akakaa upande wa nyuma. Kisha akamwita Akello, akamwambia amweke mtoto chini, pale turubai linapogusa sakafu, ili awe nusu huku nusu kule, na maneno yapitie kwake.

Orwa akavuka mtaro, akaketi upande wa mbele. Akatoa pampu, akaiweka juu ya meza ileile aliyokuwa akifanyia kazi.

"Akech, mjukuu wangu," sauti ya Dorka ikatoka nyuma ya turubai, "muulize baba yako, inakufa ikiwa tupu au ikibeba mzigo?"

Mtoto alikuwa anatafuna kidole chake. "Mwambie bibi, ikibeba mzigo," Orwa akasema.

Akaulizwa, kwa njia hiyohiyo, kama ni silinda moja au zote. Akasema zote, sawasawa. Akaulizwa kama mafuta yanafika mlangoni. Akasema yanafika hadi kumlowesha viatu, na Akello aliapa baadaye kwamba alimsikia mama yake akitabasamu, kama kutabasamu kunasikika. Maswali yalikuwa yaleyale, kwa mfuatano uleule, ambayo Dorka alimfundisha kuwauliza wateja. Ilikuwa zaidi ya miaka miwili tangu wazungumze jambo lolote, na sasa walikuwa wakizungumza kuhusu pampu, na hakutaka maswali yaishe.

Kisha Dorka akauliza, polepole:

"Akech, muulize baba yako alichomoa vizibo vingapi."

Orwa akaigeukia pampu mezani. "Mwambie bibi, kimoja. Cha gunia. Cha Simioni."

Chini ya turubai, kabla Orwa hajaomba chochote, ukapenya mkono wa Dorka, ukaacha sakafuni spoki ya baiskeli iliyokunjwa ncha, ukarudi. Orwa aliiokota. Akaiingiza kwenye mdomo wa pampu, akaipeleka ndani, akaizungusha kidogo pale njia inapopinda, akavuta. Kitu kikashika, kikateleza, kikashika tena. Kilitoka kipande cha kitambaa, kimelowa grisi na dizeli, cheusi kama ndani ya pampu penyewe.

Alikikamua kwa vidole. Chini ya weusi kulikuwa na bluu iliyopauka, na katikati ya bluu mshono mwekundu. Lilikuwa goti la ovaroli lake la zamani. Alidhani lilikwisha tupwa siku alipoondoka.

Ndipo mambo yakajieleza. Boksi lilipofika kutoka Sirari, Dorka hakuweza kuliacha likae hivyohivyo. Alilifungua, akaizungusha shafti kwa mkono, akatafuta kutu, akaridhika. Kisha akawaza barabara ya Nyangoto na vumbi lake, akawaza pia ni nani atakayeifunga, akaenda kwenye kisanduku alimotunza ovaroli lile na kukata kipande kilicho laini kuliko vyote. Akakisukuma ndani, akarudishia kizibo cha Simioni nje, akafunga boksi na gundi yake kama halikuguswa. Mteja mwingine yeyote angemshika mkono na kumwambia. Lakini huyu ni mkwe. Utamtumiaje mkwe maneno ya kumfundisha kufungua pampu, kana kwamba bado ni kijana wako wa kuosha vyuma? Tena utamwambiaje kwamba umekaa ukimpapasia mzigo wake? Akaona ni heshima kunyamaza. Na akajisemea kwamba huyu, katika watu wote, anajua. Orwa naye aliona gundi ya Sirari na gunia la Sirari, akaamini ni ya Sirari moja kwa moja, kwa sababu hakutegemea tena kwamba mkono ule unaweza kugusa kitu chake.

"Akech," Dorka akasema, na sauti haikuwa ile ya kuuliza maswali ya pampu, "mwambie baba yako ni mimi niliyeiua. Mwambie kesho nitakwenda Nyangoto mwenyewe, nimwambie tajiri wake mbele ya watu kwamba ni mkono wangu."

Orwa alikuwa ameshika kile kitambaa kwa mikono miwili. "Mwambie bibi asiende," akasema. "Mkono ulioziba na mkono uliosahau kuzibua ni wa duka moja. Wa kwenda kusema ni mimi."

"Mwambie watamcheka. Fundi wa kusahau kizibo."

"Mwambie nimeshachekwa kwa sababu ya uzi wake mwekundu, na sikufa."

Akello aliinama amchukue mtoto, akakuta Akech amelala zamani, kidole mdomoni. Akawaacha waendelee. Waliendelea kidogo, huku na kule, wakimtuma mtoto aliyelala: kama barabara ina tope, kama karasha inatikisika, kama baba Akech anakula vizuri. Mwisho Dorka akauliza kama ovaroli la sasa lina viraka. Orwa akasema halina, hakuna anayejua kushona vile, na Akello, fundi cherehani mwenye cheti, akalipokea hilo bila kukasirika.

Siku ya Jumatatu Nyangwine hakwenda Tarime. Injini iliwaka asubuhi, mkanda ukatiwa, karasha ikaanza kula mawe, na Orwa akasimama mbele ya wachimbaji wote akasema pampu haikuwa na kosa, muuzaji hakuwa na kosa, ni yeye aliyesahau kutoa kizibo cha ndani. Hakusema zaidi. Nyangwine alimtazama kwa muda mrefu, nadhani alielewa kwamba kuna kitu kimefunikwa, lakini yeye pia ni mtu mwenye wakwe. Akacheka, na wachimbaji wakacheka. Tangu siku ile Orwa akaitwa Kizibo. Watoto wa Nyangoto walimwita Kizibo, wenye viroba walimwita Kizibo, na mafundi waliotaka kumnyang'anya wateja walilitumia jina hilo vilivyo. Kwa fundi hilo ni jeraha, asikudanganye mtu. Alilibeba, na Dorka akaendelea kuuza nati zake na neno lake likiwa zima.

Mvua zilipoanza, nozeli moja ilichoka. Akello akaenda Tarime, akarudi na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa karatasi ya gazeti. Orwa alikuwa chini ya injini, mikono yote grisi. Mkewe alisimama karibu yake, akasema ameagizwa neno, na ameambiwa alifikishe kama lilivyo, lisipunguzwe wala kuongezwa.

Orwa akatoka chini ya injini, akajifuta mikono.

"Mama amesema," Akello akamwambia, "mwambie wuoda, ndani kuna kingine."